Impreza WRX ya zamani au ya karibuni? Ulinganisho kwa mnunuzi wa Arusha na Moshi

Dalali akikwambia "hii namba E bosi, bado mbichi", amekwambia gari liliandikishwa lini hapa nchini. Hajakwambia lilitengenezwa lini. Subaru Impreza WRX iliyotoka kiwandani Ota, Japani, mwaka 2004 inaweza kuvaa namba E, na ya mwaka 2008 ikawa na namba C kwa sababu tu mwenyewe wa kwanza aliiagiza mapema. Watu wengi huku kwetu wananunua herufi, halafu baadaye wanaanza kushangaa kwa nini rimu za jirani mwenye gari "kama hilohilo" haziingii.

Kwenye Subaru hizi mwaka wa kutengenezwa ndio unaoamua utalipa nini, kwa nani, na mara ngapi. Raha utaipata kwenye zote. Ninachotaka kukuonyesha ni aina ya bili inayokuja na kila kizazi, ili uchague ile unayoweza kuishi nayo. Bei za shilingi sijaziweka: zinapanda na kushuka na dola, na yadi ya Dar haina bei moja na mtu wa Njiro anayeuza gari lake Januari kwa sababu ya ada za shule.

Zipi hasa tunalinganisha

Kizazi cha zamani ni kile ambacho namba ya chesisi inaanza na GDA au GDB, cha mwaka 2000 hadi 2007. GDA ni WRX ya kawaida, GDB ni STI, toleo lake lenye nguvu zaidi. Ipo pia GGA, ambayo ni wagoni. Kwa macho utakitofautisha kwa taa za mbele: za mwanzo ni za duara, zikafuata zilizochuruzika kama jicho lenye chozi, na kuanzia 2005 zikawa kali kama za mwewe. Wajapani wenyewe wanaziita hivyohivyo.

Kizazi cha katikati ni cha 2007 hadi 2014. STI ya mgongo uliokatwa (hatchback), GRB, ilitoka Oktoba 2007, na sedani yake, GVB, ikafuata mwaka 2010. Ile ya chini yake, yenye turbo ya kawaida, Japani waliiuza kwa jina la S-GT. Kuna pia A-Line, STI ya otomatiki yenye injini ya lita 2.5, na hiyo nitaisema peke yake maana ina mambo yake.

Kizazi cha karibuni kilianza 2014, na jina la Impreza likaondolewa ubavuni. Ziko mbili: WRX STI yenye chesisi ya VAB, gia za mkono tu, na WRX S4 yenye chesisi ya VAG, otomatiki tu. STI ya injini ya EJ20 ilifungwa na toleo la mwisho la magari 555, lililotangazwa mwaka 2019.

Vigezo ni vitano: injini, mwendo kwenye barabara zetu, kodi na karatasi, spea na fundi, kisha maisha ya kila siku, yaani bima, familia na kuuza tena.

Injini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa.

STI za Japani za vizazi vyote vitatu zinatumia injini ileile kwa jina: EJ20, lita 2.0, silinda nne zilizolala mbili kila upande, turbo moja. Ya zamani iliandikwa nguvu farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutovuka hapo, makubaliano yaliyokufa mwaka 2004. Ya katikati ikapanda hadi 308, na VAB ikabaki palepale, 308. Kwa maana hiyo, anayekuuzia VAB kwa hoja kwamba "ina nguvu kuliko ile ya 2008" anakuuzia maneno. WRX ya kawaida ya zamani na S-GT zote ni 250. S4 ina 300, kwa injini tofauti kabisa, FA20.

Tofauti inayokuhusu wewe mwenye mfuko ni mkanda wa taimingi. EJ20 inaendeshwa na mkanda, na ratiba ya kiwanda Japani ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unanunua injini. Gari la 2004 limeshapita umri wa mkanda wa kwanza muda mrefu. Usiulize tu kilomita ngapi, maana mita zinarudishwa. Uliza mkanda ulibadilishwa lini, pampu ya maji na roli zake zilibadilishwa pamoja au ziliachwa, na risiti iko wapi. Asiye na jibu, hesabu kwamba haujabadilishwa na uitoe gharama hiyo kwenye bei. Hili ni la zamani, la katikati na VAB pia. S4 ina cheni, kwa hiyo bili hii haina. Badala yake inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za namna hiyo hujenga masizi kwenye valvu za kuingizia hewa kadiri zinavyozeeka.

Bili ya pili ni beringi za konrodi. EJ20 haivumilii oili pungufu. Mtu anayeikanyaga kila siku halafu anasubiri taa ya oili iwake ndiyo afungue boneti, huyo anaiua, na mara nyingi anaiuza kabla haijaanza kugonga waziwazi. Iwashe ikiwa imelala baridi usiku kucha. Fika asubuhi bila kumpigia mwenye gari mapema, kwa sababu aliyeambiwa unakuja saa mbili ataipasha moto saa moja. Sikiliza sekunde za kwanza, kisha ipandishe taratibu hadi mizunguko 3,000 na uiachie. Mlio mzito wa kugonga unaosikika wakati inashuka, si wakati inapanda, ni wa kuogopa.

Ya tatu ni gasketi. Fungua kifuniko cha tanki la kujazia maji injini ikiwa baridi, washa, iache ipate moto huku unaangalia. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyobaki, vitaisha. Vikiendelea kupanda bila kukoma, vidogovidogo, na vikaongezeka fundi akikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda inapita kwenye gasketi. Nusa pia: maji yanayonuka moshi hayahitaji mtaalamu.

Kwenye haya mawili, oili na gasketi, zamani inaumia zaidi kwa sababu ya umri na wamiliki wengi. Ya katikati iko hapo hapo nyuma yake. Sasa ile A-Line ya lita 2.5. EJ25 yenye turbo inajulikana kwa kuvunja pistoni kwenye mifereji ya ringi na kwa matatizo ya gasketi. Ni tamu mjini, ina nguvu ya chini, ni otomatiki. Lakini usiinunue bila kupima kompresheni ya silinda zote nne, na namba ziandikwe kwenye karatasi.

Kuhusu mwinuko: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi chini yake kwa mita 500 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, ndiyo maana Altezza iliyokuwa nyepesi Dar inaonekana imechoka ikifika Sakina. Turbo inafidia, ila inafidia kwa kuzunguka zaidi. Mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo) uliopasuka kidogo, ambao tambarare usingeugundua, huku unaonekana: moshi mweusi, gari zito, mluzi. Jaribio zuri la gari liko bure, panda Kibosho kutoka Moshi mjini, au toka Arusha uelekee Ngaramtoni, ukiwa na watu wanne ndani, na jicho kwenye geji ya joto.

Na petroli. STI zilipangwa kunywa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao inaanzia oktani 96 na kwenye pampu nyingi hufika karibu 100. Usitegemee kuipata barabara ya Moshi–Arusha. Gari lililo kama lilivyotoka kiwandani lina sensa ya kusikia mlio wa petroli kuungua vibaya na litajipunguza lenyewe. Gari ambalo fundi wa mtaani "ameliflashi" ili liongeze presha ya turbo halina huruma hiyo. Kizazi cha zamani ndicho kilichochezewa zaidi, kwa sababu ndicho vijana wengi wanaweza kukinunua.

Neno la pembeni kuhusu mlio, maana wapo wanaonunua Subaru kwa mlio tu, na sioni aibu yake. Ule mdundo wa kukatika-katika unatoka kwenye mabomba ya kutolea moshi yasiyolingana urefu. GDA ya kawaida inao. STI nyingi za Japani, kuanzia katikati ya kizazi cha zamani, zilipewa turbo ya njia mbili na mabomba yanayolingana, kwa hiyo mdundo ukapungua sana. S4 haina kabisa. Mtu anaweza kutumia fedha mara tatu zaidi na kupata gari lenye mlio wa kawaida, kisha akaanza kukata egzosi. Sikiliza kwanza.

Mwendo kwenye barabara zetu

Kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe kuna matuta, vibao vya 50, na askari wa tochi mahali ambapo ulidhani hayupo. Nguvu farasi 308 utazitumia kwa sekunde chache ukipita lori, basi. Kinachokufikia kila siku ni shokapu, breki na gia.

Ya zamani ni nyepesi mkononi na fupi. Inageuka haraka, na dereva anasikia barabara. Lakini bushi na shokapu zake leo zimechoka karibu zote, na wengi wameishusha kwa springi fupi. Gari lililoshushwa, matuta ya Usa River yatalisugua tumbo kila asubuhi, na barabara ya vumbi ya Uru au Moshono ndiyo usiseme. Kama unaipenda iliyoshushwa, uliza springi za kiwandani zipo au zilitupwa.

Ya katikati ndiyo laini kuliko zote. Subaru waliibadilisha mfumo wa nyuma kutoka shokapu ya kusimama kwenda mikono miwili ya juu na chini, na wakarefusha nafasi kati ya matairi ya mbele na nyuma. Matokeo yake inameza mashimo vizuri zaidi na abiria wa nyuma hawalalamiki. Wapenzi wa mashindano waliilalamikia za mwanzo kwamba zinalala kwenye kona, na za 2010 kwenda mbele zilikazwa. Kwa safari ya Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa, ningechagua hii bila kufikiri sana.

Ya karibuni ni ngumu na imekaza. VAB inashika kona kama imewekewa reli, na inakurudishia kila jiwe la barabara kwenye uti wa mgongo. S4 ni tulivu zaidi, ina otomatiki ya CVT (isiyo na hatua za gia) na kamera za usalama za EyeSight nyuma ya kioo cha mbele. Kioo hicho kikipasuliwa na kokoto ya lori, jambo la kawaida kabisa huku, kukibadilisha si suala la kioo tu. Kamera zinatakiwa kupangwa upya kwa vifaa vyake, na ukiagiza kioo lazima kiwe kinachokubali kamera hizo.

Gia: WRX ya zamani ina gia tano za mkono au otomatiki ya gia nne, na S-GT vivyo hivyo. Giaboksi ya gia tano haipendi kurukishwa kutoka kwenye taa za barabarani, meno yanakatika. STI ina gia sita na ni chuma kweli. Otomatiki ya gia nne ni ya kizamani, inakula mafuta, lakini mafundi wanaijua na inakaa. Mwendo wa mjini tegemea kilomita 7 hadi 9 kwa lita kwa nyingi za hizi. Anayekuahidi 12 ana lake.

Jambo moja la vizazi vyote: matairi manne yawe ya saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Zote zinavuta miguu minne. Ukiweka matairi mawili mapya nyuma na mawili yaliyokwisha mbele, difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, mwisho inakufa. Ukienda kuangalia gari, chuchumaa usome saizi pembeni ya kila tairi. Ukikuta majina matatu tofauti kwenye miguu minne, umeshajua lilivyotunzwa.

Kodi na karatasi

Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, gari la abiria lililotumika linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, VAT asilimia 18, na tozo ndogondogo. Injini ya zaidi ya sisi (cc) 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, juu ya hapo ni 10. EJ20 ina sisi 1,994 na FA20 ina 1,998, zote zimeponea. A-Line yenye 2,457 haikuponea. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likipita miaka 10. Viwango hivi vinaguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo kabla hujatuma dola ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni. Kumbuka pia kwamba TRA wana thamani yao ya kila gari. Risiti ya mnada ikionyesha umelipata kwa bei ya kutupa, haiwabani.

Maana yake kwenye uchaguzi wetu ni hii. Zamani na katikati zote zimevuka miaka 10, zinabeba asilimia 30 sawasawa, kwa hiyo kuagiza GDB kwa matumaini ya kuokoa kodi hakuna faida. Isitoshe, Marekani inaruhusu magari ya Japani yaliyotimiza miaka 25, na za mwaka 2000 zimeshafika huko, hivyo safi zilizobaki kwenye minada ya Japani zina wagombea wenye fedha. Ya zamani inunue hapa ndani, kodi yake ililipwa zamani. Ya karibuni ndiyo yenye mantiki ya kuagiza, na kila Januari inapopita, S4 za mwaka mmoja zaidi zinavuka mstari.

Karatasi za gari la ndani ziangalie hivi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi. Ikiwa inaanza na GDA na gari lina mabawa makubwa nyuma, nembo ya STI ya rangi ya waridi na rimu za dhahabu, unatazama WRX ya kawaida iliyovalishwa. Hakuna ubaya ukiinunua kwa bei ya WRX. Fungua boneti, linganisha kibati na kadi. Ingia ndani, STI halisi ya mkono ina gia sita, na rivasi yake inahitaji kuinua pete iliyo kwenye kirungu. Kisha namba ya injini. EJ20 nyingi za zamani zimeshabadilishwa injini za mtumba, na kama namba mpya haikupelekwa kwenye kadi, usumbufu wa kubadilisha umiliki utakuwa wako. Mwambie muuzaji amalize yeye kwanza.

Na ukiona GRB yenye namba za Kenya inauzwa nafuu, jua kwamba kodi ya Tanzania haijalipwa. Hiyo nafuu inaishia Namanga.

Spea na fundi

Hapa ya zamani inashinda waziwazi, kwa sababu moja: Forester. Forester za miaka hiyo zimejaa Arusha na Moshi, na vitu vingi vya chini na vya injini vinaingiliana. Fundi wa Unga Limited au Majengo ameshafungua EJ20 nyingi kiasi kwamba anaijua kwa sikio. Vya mtumba vinapatikana Dar, na vikikosekana kuna Nairobi, ambako Subaru ni ugonjwa wa mji mzima. Basi la jioni linakuletea boksi kesho yake.

Lakini hata ndani ya kizazi cha zamani mwaka una maana. STI hadi za 2004 zina rimu za matundu matano kwa kipimo cha 100, na kuanzia toleo la 2005 ni 114.3. Habu ni tofauti, rimu hazibadilishani. Ndiyo yale ya jirani.

Ya katikati iko sawa: injini ileile, ila bampa, taa na mikono ya nyuma ni vyake, na taa ya mbele ya GRB ikivunjika utaitafuta. Ya karibuni ndiyo inayokupa subira. VAB ina injini inayojulikana lakini bodi na umeme ni vya kwake. S4 inahitaji mtu mwenye kompyuta nzuri ya kupimia, anayejua CVT na haiwekei oili yoyote tu ya giaboksi aliyoikuta dukani. Mafundi hao wapo Arusha, ni wachache, na wana foleni. Moshi, nimeona watu wakipandisha gari hadi Arusha kwa kazi ya aina hiyo.

Maisha ya kila siku

Bima kubwa kwa gari la 2003 ni mazungumzo marefu. Kampuni nyingi zitakuelekeza bima ndogo. Kwa hiyo ukiigonga, umeigonga. Ya karibuni inapata bima kubwa, na kama unakopa benki kulinunua, watakulazimisha uwe nayo.

Kutu ni ya zamani. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani yamelambwa na chumvi ya barabara za theluji. Angalia matao ya matairi ya nyuma kwa ndani, kwa tochi ya simu, na bonyeza kwa kidole gumba. Rangi iliyovimba ina kutu chini yake.

Familia: GRB ina mlango wa nyuma unaofunguka juu na viti vinavyolala, mikungu ya ndizi inaingia. Desemba, Wachaga wakipanda nyumbani, utaona ni ngapi zimebeba watu watano na mizigo hadi darini. GDB ni sedani yenye nyuma finyu.

Kuuza tena: GDB halisi ambayo haijachezewa haikai sokoni, na bei yake haishuki tena. Iliyovalishwa inakaa. Ya katikati inauzika kwa kasi ya kawaida. VAB ina wanunuzi wachache lakini wanaojua wanachotafuta, na wengi wako Dar. S4 kwa sasa inauzika kwa mtu aliyetaka Crown Athlete akabadili mawazo.

Ipi kwa hali ipi

Una kazi mjini, gari ni hili moja tu, na watoto wanapelekwa shule: S-GT au GRB ya katikati, ya 2010 kwenda mbele ukiipata, mkanda mpya wenye risiti. Kama hutaki gia za mkono, S-GT ya otomatiki kabla ya A-Line.

Una gari jingine la kazi na hii ni ya Jumamosi: GDB ya zamani, ya kiwandani, hata kama bodi imechoka. Bodi inapakwa rangi. Tenga robo ya bei pembeni kabla hujalipa, na usiiguse kwa rimu.

Unapenda mlio na bajeti ni ndogo: GDA ya gia tano. Usihangaike na nembo.

Unataka kushiriki rali za hapa kaskazini: ya zamani, kwa sababu ya spea, na ununue kwa mtu wa rali anayekuonyesha daftari la matengenezo. Usilitengeneze gari la rali kutoka kwenye gari la mtaani lililokwisha.

Unasafiri Arusha–Dar mara kwa mara, una fedha, hutaki kushika gia: S4, uagize ikiwa bado chini ya miaka 8 kama mfuko unaruhusu, na kabla ya kuagiza zungumza na fundi atakayeishika. Ukiishi Moshi, hesabu na safari ya kwenda kwa fundi huyo.

Unataka STI mpya kuliko zote yenye gia za mkono na utakaa nayo miaka kumi: VAB. Kodi ya uchakavu itauma mara moja, wakati wa kuingiza.

Na kama umeonyeshwa mbili za vizazi tofauti kwa bei moja, zote ukishazisikiliza asubuhi zikiwa baridi, chukua ile ambayo mwenye nayo alitoa risiti kabla hujamuuliza.